Chupa Tatu Nilizozimwaga

Naliaka,

Kuna mlio mmoja ambao nimekaa nao miaka minne bila kukuambia. Ni mlio wa chupa ya kioo ikimwagwa kwenye sinki la maabara: glo, glo, glo, kisha kimya, kisha glo moja ya mwisho ukiwa umeshaigeuza chupa yote juu chini. Chupa zilikuwa tatu. Damu iliyokuwa ndani yake ilikuwa yako, na mkono ulioimwaga ulikuwa wangu.

Umetoka kwenda kunyolewa, kwa sababu shule yenu haitaki nywele, na nina saa mbili hivi kabla hujarudi. Kesho unaenda Bungoma kuanza kidato cha kwanza. Mambo ya dawa, ya meno, ya nani wa kumwona ukipata homa, yote nimeyaandika kwenye karatasi nyingine iliyo ndani ya kitabu chako cha nyimbo, na sitayarudia hapa. Tangu barua ya shule ifike tumevutana mimi na wewe, mimi nikitaka ukae karibu na macho yangu, wewe ukitaka kwenda. Nataka ujue hofu yangu ilizaliwa wapi. Haikuzaliwa na moyo wako. Ilizaliwa kwenye lile sinki.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane. Habari za baba yako unazijua, na ni zake. Nilipopata nafasi ya kusomea kazi ya maabara nilikuacha Kimilili kwa kukhu, nyanya yako, ukiwa bado unaita kila mwanamke mama, na niliporudi na cheti ulinisalimu kwa mkono kama mgeni wa kanisani. Sikulia mbele yako. Nilijiambia kwamba kwa kuwa nimelipa kitu kikubwa namna hiyo kwa ajili ya kazi hii, nitaifanya bila kosa. Ukitaka kunielewa, anzia hapo. Nilikuwa msichana aliyetaka kila mtu aone kwamba hakupotea.

Nikaajiriwa katika ile hospitali ndogo ya misheni upande wa Kachibora. Maabara ilikuwa chumba kimoja, na mkubwa wangu alikuwa Mzee Masinde, ambaye unamkumbuka kwa kofia yake ya sufu na mzaha wake usiokwisha. Alinipokea vizuri. Aliniita "Profesa" kwa sababu nilikuja na daftari zangu zote za chuo na kuzipanga rafuni.

Ilikuwa hivi. Mtu akiwa na homa isiyoeleweka, damu yake hutiwa ndani ya chupa yenye supu maalum, na chupa huwekwa kwenye kabati la joto. Kama kuna bakteria ndani ya damu, watazaana na supu itachafuka. Sisi tulikuwa na chupa kumi na mbili tu. Kwa hivyo Mzee Masinde alikuwa na sheria: siku saba. Ikifika siku ya saba na supu bado ni safi, unaipika chupa kwa mvuke, unaimwaga, unaiosha, na kwenye daftari unaandika "Hakuna kilichoota". Mgonjwa mwingine anangoja chupa hiyo. Ilikuwa sheria ya watu wenye vyombo vichache, na siku nyingi ilifanya kazi.

Mwaka mmoja kabla hujaugua alilazwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mrefu, mwenye homa ya jioni na moyo uliokuwa ukipiga kelele. Siku ya saba mke wake alikuja mlangoni pa maabara. Sijui nani alimwambia habari za chupa.

"Dada, hizo za mzee wangu, si muziache kidogo? Pengine hao wadudu ni wavivu tu."

Nilimwambia siku saba ni siku saba. Nilisema kwa upole, lakini nilisema kama mtu anayesoma tangazo. Yule mtu alikufa kabla ya mwezi kwisha, na daftari linasema hakuna kilichoota. Mwandiko ni wangu.

Sasa mambo yako. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa umetoka malaria, mwembamba, na likizo ya Agosti kukhu alikuja mwenyewe kukuchukua.

"Huyu mtoto ameisha damu," aliniambia. "Hayo maziwa ya pakiti mnayopewa shuleni ni maji yamepakwa rangi. Niachie yeye. Nitamrudisha akiwa hapiti mlangoni."

Ulirudi umenenepa kweli. Nilifurahi. Wiki ya tatu ya Septemba ikaanza ile homa, inayokuja jua likishuka, na jasho, na magoti yanayouma hadi ukawa unashuka kitandani kama bibi mzee. Tulikutibu malaria mara mbili na taifodi mara moja. Ukawa unaanza kuhema ukipanda ngazi tatu za wodi. Ndipo daktari wetu msaidizi akasikia sauti moyoni mwako, akaagiza damu, nikazibeba zile chupa tatu mimi mwenyewe na kuandika jina lako kwa wino mweusi.

Siku ya saba supu ilikuwa safi kama chai ya rangi. Nilizishika chupa kwenye mwanga wa dirisha na moyoni mwangu nilijua kitu. Nitakiandika hapa wazi: nilijua. Katika daftari langu la chuo, lililokuwa rafuni hatua mbili kutoka niliposimama, nilikuwa nimeandika kwamba wapo bakteria wachache, wasioonekana mara kwa mara, wanaopenda kukaa kwenye vali, ile milango ya moyo, na kwamba baadhi yao huamka polepole sana. Chupa zao hukaa wiki tatu, hata nne. Nilikuwa nimepiga mstari chini ya maneno hayo.

Mzee Masinde aliniona nimesimama.

"Profesa, hizo zimemaliza siku zao. Ama chupa za watoto wa maabara huwa na wiki yao kando?"

Alikuwa anatania. Namjua yule mzee. Ningesema neno moja tu angezirudisha kabatini kwa mikono yake. Lakini mimi nilimwona akilini yule mwanamke wa mlangoni. Nilikuwa nimemkatalia, na sasa nijipe mimi kile nilichomnyima? Nikajiambia hiyo ndiyo haki. Na chini ya haki hiyo kulikuwa na kitu kingine, kidogo, cha aibu: sikutaka kuonekana mama. Msichana aliyezaa mapema, anayeomba apendelewe. Nilitaka kuonekana mfanyakazi. Nikacheka mzaha wake, nikazipika, nikazimwaga.

Haki niliyotakiwa kutenda ilikuwa kuziacha chupa zako zikae na kukubali kwamba nilimkosea yule mwanamke. Mimi nikachagua kumkosea mtu wa pili ili wa kwanza asiwe peke yake. Nimelifikiria hili miaka minne, na bado linanishangaza jinsi nilivyolifanya nikiwa mtulivu.

Siku kumi na moja zikapita. Wewe ukiwa kitandani namba nne karibu na dirisha, miguu ikianza kuvimba. Halafu akaja yule daktari wa moyo aliyekuwa akizuru wodi yetu mara moja kwa mwezi, Daktari Chebet. Siku ile unaikumbuka, lakini hujui ilionekanaje kutoka mahali nilipokuwa. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na karatasi zako zote mkononi, nimezipanga kwa tarehe, tayari kueleza. Yeye hakuzichukua. Alikaa kitandani.

"Wewe ndiye unayeumwa," alikuambia. "Mama yako nitamsikia baadaye. Likizo ulikuwa wapi?"

"Kwa kukhu, Kimilili."

"Ukifanya nini?"

"Kuchunga mbuzi. Na kuzalisha."

"Kuzalisha nani?"

"Mbuzi, daktari." Ulimtazama kama mtu asiyejua mambo. "Watatu walitoa watoto wamekufa. Kukhu hawezi kuinama sana, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa navuta."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa mikono?"

"Sasa ningevuta na nini?"

"Na maziwa mlikuwa mnayafanya nini?"

"Mimi nilikuwa nakunywa yakiwa bado na povu. Kukhu alisema ukiyachemsha nguvu inaenda na mvuke."

Nilikuwa nimekulisha, nimekuosha, nimekupima mkojo, damu na choo. Sikuwa nimekuuliza hata mara moja ulifanya nini Agosti. Wewe ulikuwa na jibu lote, limekaa hapo mdomoni mwako, likingoja mtu mmoja akuulize kama anavyoulizwa mtu mwenye akili. Na ulilitoa bila kuogopa koti jeupe, ukiwa huwezi hata kukaa wima. Siku hiyo, Naliaka, katikati ya hofu yote, kitu fulani kifuani mwangu kilisimama. Nilijivunia. Nilitaka kuwaambia wodi nzima kwamba huyu ni wangu.

Daktari akanigeukia. "Chupa za damu zilikaa siku ngapi?"

"Saba."

Alitikisa kichwa, kwa huzuni na si kwa hasira, akasema maabara nyingi ndivyo zinavyofanya. Hapo ningeweza kusema: nilizimwaga mimi, nikijua. Nilisema "saba" na nikanyamaza.

Hakungoja. Siku hiyohiyo alichukua damu nyingine na kukuanzishia dawa. Baadaye, kwenye baraza, aliniambia ukweli wote kwa sababu aliona naweza kuubeba: bakteria hawa wa mifugo, wanaokaa kwenye maziwa mabichi na kwenye mimba zilizoharibika, huingia kwa watu wengi na kuwapa homa na maumivu tu, ni mara chache sana hufika kwenye vali, lakini wakifika huitafuna, na wengi walioguswa hapo hawaponi bila kupasuliwa. Kupasuliwa kulikuwa Nairobi, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko uhai uliokuwa umebaki nao. "Tujaribu dawa," alisema. "Vali yake pengine ilikuwa na kovu tangu homa fulani ya koo ya utotoni. Siwezi kuahidi kitu."

Chupa zako za pili nilizifunga karatasi na kuandika USIMWAGE kwa herufi zinazoonekana kutoka mlangoni. Siku ya kumi na sita nilitoa tone, nikalipaka, nikaweka jicho kwenye hadubini. Walikuwapo, wadogo mno, kama mchanga uliopepetwa. Mzee Masinde akaja kutazama. Alikaa juu ya hadubini muda mrefu, kisha akavua ile kofia yake.

"Kwa hivyo wako," alisema. "Na wale wengine wote tuliowamwaga?"

Hakuniita Profesa siku hiyo.

Wewe unakumbuka sindano. Wiki baada ya wiki, kila asubuhi, paja hili leo na lile kesho, hadi sista mwenyewe akawa anasikia uchungu kukukaribia. Ulikuwa unamwambia, "Sista, choma tu, mimi nitahesabu," na unahesabu kwa Kibukusu polepole, na ukifika tano ameshamaliza. Zile tembe nyekundu zilipobadilisha mkojo wako uliniita kwa sauti wodi nzima isikie: "Mama, njoo uone, nakojoa soda ya machungwa." Wagonjwa waliokuwa hawajacheka tangu walazwe walicheka. Ulifanya mtihani wa darasa la tano juu ya trei ya chakula. Mwezi wa nne Daktari Chebet alikupa stethoskopu usikilize mwenyewe. Ulifumba macho.

"Kuna mtu anafagia," ulisema.

Alikuambia ndivyo itakavyokuwa siku zote, kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri tena na damu kidogo hurudi nyuma. Uliuliza kama yule anayefagia atachoka. Alisema huenda, ukiwa mkubwa, na hapo mtamtafutia mlango mpya. Ukasema sawa, kisha ukauliza kama chakula cha mchana ni maharagwe.

Siku zile kumi na nane kati ya chupa za kwanza na dawa, je, ndizo zilizoharibu vali? Nilimwuliza Daktari Chebet swali hilo nikilifanya kama la kitabu tu. Alisema hakuna awezaye kujua. Pengine zilichangia, pengine kovu lingekuwepo vilevile. Sikuandikii ili unipe jibu ambalo yeye hakuwa nalo.

Lipo kosa la pili, na hili lina mtu ndani yake. Uliporuhusiwa, jamaa walikusanyika Kimilili kushukuru, na mbele ya wote nikamwambia kukhu yako, "Ni maziwa yako." Ilikuwa kweli, na niliitumia kweli hiyo kujifunika. Umeona anavyochemsha maziwa sasa. Umeona anavyokuuliza kama mama amekubali kabla hajakupa hata ndizi. Miaka minne yule mama amebeba sehemu yake na yangu.

Kazini nilirekebisha nilichoweza. Nilimwambia Mzee Masinde kwamba chupa za wagonjwa wenye kelele za moyo zikae siku ishirini na moja.

"Kwa chupa zipi, Mama Naliaka? Tunazo kumi na mbili, na moja ina ufa."

Halafu yeye mwenyewe akaanza kupita wodini akiokota chupa za kioo za dripu zilizokwisha, anazileta kwa baiskeli zikigongana, tunazipika na kuzijaza supu. Tangu hapo tumewapata wawili. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Cherangany, supu yake ilichafuka siku ya kumi na nane. Anaishi, mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi na hauinuki, lakini anafundisha kwa wa kulia. Mwingine, mama wa watoto wadogo, tulimtambua na akafa hata hivyo. Kujua hakuokoi kila mtu. Lakini alikufa kwa kitu chenye jina, na ndugu zake waliosaidia kukamua waliitwa wakapimwa.

Jumapili iliyopita, wewe ukiwa kwaya, nilikwenda Kimilili. Nilimkuta kukhu anachambua mboga. Nikamwambia yote, chupa kwa chupa. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Miaka minne nachemsha maziwa mpaka yananuka moshi," alisema. "Majirani wananiuliza kama napika pombe. Kumbe na wewe ulikuwa na sufuria yako."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi nitakusamehe nikishamaliza kukasirika, na bado. Lakini hayo maneno si yangu, mayi. Mwenye moyo ndiye umwambie. Usiniletee mimi nikutunzie."

Ndiyo maana naandika. Nina aibu kwamba nahitaji karatasi. Ukiwa umesimama mbele yangu na macho yako hayo, ningesema "saba" tena.

Sina mengi ya kukushauri, kwa sababu mengi uliyonayo hukuyapata kwangu. Moja tu linanikaa. Utakuwa mahali penye sheria nyingi, na zipo utakazozipenda kwa sababu kuzifuata kunakufanya uonekane mwema. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo. Siku utakapojua jambo ambalo sheria hailijui, liseme, hata kama linakufaidi wewe, hata kama jana ulimnyima mtu mwingine. Na ukikasirika nami baada ya kusoma haya, kasirika. Usiharakishe kunisamehe ili nilale.

Juzi tulipogombana uliniambia, "Mama, unataka nikae ndani ya lile kabati lako la joto mpaka lini?" Nilikujibu vibaya. Nilitoka nje nikasimama karibu na mahindi, na ikanibidi nicheke, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza vizuri hivyo. Nilikuwa nikikushika kwenye mwanga wa dirisha kila asubuhi kuona kama umechafuka. Lakini wewe si chupa. Wewe ni yule aliyevuta mbuzi kwa mikono yake, akamfundisha daktari, akapata nafasi katika shule ambayo mimi nikiwa na umri wako niliipita nje tu nikiangalia ua wake. Nikikuangalia nakuona mzima, na sauti yako ile ya kufagia humo ndani.

Kuna jambo usilolijua. Tangu Novemba nimekuwa na nafasi yako nyingine katika shule ya kutwa hapa Kitale. Nilimwomba mwalimu mkuu bila kukuambia, na alikubali kuishikilia hadi Jumatatu, ili ukianza kuchoka Bungoma nije nikuchukue. Nilikuwa tayari kukuchukua hata kabla hujachoka.

Leo asubuhi nilikwenda pale. Kwenye benchi nje ya ofisi walikaa mzee mmoja na binti yake, wametoka kwao alfajiri, wameambiwa shule imejaa. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mwanangu anasoma Bungoma. Aliniuliza kama nina hakika, kwa kuwa akiandika jina lingine hakuna kurudi. Nikamwambia aandike. Alikata jina lako kwa rula, akaniomba niweke sahihi pembeni, kisha akamwita yule binti ndani.